Daftari Lililosubiri Miaka 33

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mbele ya wanamuziki, walimu na wanafunzi. Wengi mlikwama kwa sababu ya mvua, mkaniomba maneno yote. Nayaweka kama nilivyoyasema. Picha za ukutani tu nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, hamjambo. Wazazi mliofunga maduka mapema mkaja, asanteni sana. Na ninyi vijana mliosimama kule nyuma na magita mgongoni, mi ngoni!

Nasema Kiswahili leo kwa sababu ndiyo lugha ya bendi. Katika bendi niliyopigia hapa hapa mjini, mpiga besi alikuwa Mlugbara, wa ngoma Mkakwa, mwimbaji alivuka kutoka Kongo, na mimi bibi yangu ni Mnubi. Tukigombana, tuligombana kwa Kiswahili. Tukipatana, tulipatana kwa Kiswahili. Yale niliyojifunza kuhusu muziki niliyasikia kwanza kwa lugha hii, kwenye chumba chenye jenereta inayonguruma nje ya dirisha.

Kabla sijaanza, naomba mikono. Nani hapa ameshaambiwa na mzazi, "Weka hilo gita chini, usome"? Naona. Karibu ukumbi mzima. Haya, na nani ameshaambiwa na wenzake wa bendi, "Wewe mtu wa vitabu, muziki utuachie sisi"? Ni wachache, lakini wapo. Mimi nimeambiwa yote mawili, tena katika mwezi mmoja.

Nimekuja na neno moja tu, na nitalirudia mpaka mchoke nalo. Tunzeni daftari. Ukipiga, andika. Ukiacha kupiga, usitupe ulichoandika. Tunzeni daftari. Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili linaniuma.

Mwaka 1963, pembezoni mwa London, kijana wa miaka 16 alitaka gita la umeme. Pesa za gita la dukani hazikuwepo. Baba yake, Harold, alikuwa mtu wa vifaa vya umeme, mwenye benchi la kazi na tupa na patasi. Kijana aliitwa Brian May. Baba na mwana wakaamua watalitengeneza wenyewe, wakaingia kazini, na kazi ikachukua kama miaka miwili.

Sikilizeni walivyolitengeneza. Shingo ya gita ilitoka kwenye ubao wa zamani uliokuwa juu ya meko ya kuotea moto. Ubao huo ulikuwa umetobolewa na wadudu, wakaziba matundu kwa njiti za kiberiti. Vile vidoti vyeupe vinavyouonyesha mkono mahali pa kukaa, vilikatwa kutoka vifungo vya ganda la chaza kwenye sanduku la kushonea la mama. Springi zilizovutana na nyuzi zilitoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu, Panther ya mwaka 1928. Ncha ya mkono wa kuyumbishia sauti ilikuwa kipande cha sindano ya kufumia. Gita hilo ndilo amelipiga maisha yake yote, katika viwanja vikubwa kuliko vyote duniani, na badala ya kipande cha plastiki, anachokunia nyuzi ni sarafu ya zamani ya Kiingereza.

Namwona mzee wetu pale mstari wa mbele, na adungu yake magotini, ala yetu ya nyuzi, anatikisa kichwa. Mzee, unaelewa, sivyo? Gogo linachimbwa kwa shoka dogo na patasi. Ngozi ya ng'ombe inatandazwa ikiwa mbichi, inashonwa, inaachwa ikauke na kujikaza yenyewe. Shingo inatafutwa kwenye tawi lililopinda. Nyuzi siku hizi ni mshipi wa kuvulia samaki, ule ule unaouzwa Panyimur kando ya ziwa. Anayetengeneza adungu anajua urefu wa uzi unafanya nini kwa sauti. Anajua ngozi ikiwa na unyevu sauti inashuka. Anajua gogo lenye ukuta mnene linaimba vipi na lenye ukuta mwembamba linaimba vipi. Mwalimu wa fizikia hapo ulipo, hebu niambie, hayo si ndiyo mambo unayoyaandika ubaoni?

Brian May alikwenda Chuo cha Imperial, London, akasoma fizikia, akapata shahada mwaka 1968. Mwaka 1970 akaanza shahada ya uzamivu. Alichochagua kukichunguza kilinishtua nilipokisoma, kwa sababu nilikuwa nimekiona kwa macho yangu, hapa hapa Arua, nikiwa na miaka tisa.

Ilikuwa Ramadhani. Bibi yangu alituamsha kula daku. Kiangazi, mbingu safi, mwezi haupo, na mtaa wetu wakati huo haukuwa na taa hata moja. Nikatoka uani na kikombe cha uji mkononi. Nikatazama mashariki nikaona mwanga mweupe umesimama. Chini ulikuwa mpana, juu mwembamba, umeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Nikadhani kumekucha, nimechelewa, nikamwaga uji wote mchangani. Bibi akatoka, akajifunga kanga vizuri, akatazama. Akasema, "Rudi ndani ule. Hiyo ni alfajiri ya uongo. Ya kweli hulala. Hii imesimama."

Ya kweli hulala, hii imesimama. Masheikh walioko hapa wanajua alikuwa sahihi kabisa. Alfajiri ya kweli hutandaa kulia na kushoto kwenye upeo wa macho. Ile ya uongo husimama wima, na vitabu vya zamani vya Kiarabu huiita mkia wa mbwa mwitu. Bibi yangu hakuwahi kukaa kwenye darasa la sayansi. Lakini alijua kuitofautisha mianga miwili, gizani, bila saa, kwa sababu funga ya watoto wake ilitegemea jambo hilo.

Mwanga ule ni mavumbi. Ni mavumbi laini yanayozunguka jua, mabaki ya nyota zenye mkia na ya mawe yanayogongana angani, yametandaa kwenye njia ile ile zinakopita sayari. Jua likiwa bado chini ya upeo, linayamulika, nasi tunayaona yaking'aa. Sisi tulio karibu na Ikweta tunauona mwanga huo vizuri kuliko watu wa London, kwa sababu kwetu njia ya sayari hupanda karibu wima kutoka ardhini, na kwao mara nyingi imelala kwenye ukungu. Ndiyo maana huyo kijana wa gita alilazimika kusafiri mpaka Tenerife, kisiwa kilicho karibu na pwani ya Afrika, kupanda mlimani na kupima. Alichokitafuta huko, bibi yangu alikiona akiwa uani.

Alikuwa akipima nini? Mmewahi kusimama kando ya barabara gari la wagonjwa likapita na king'ora? Likija, sauti ni nyembamba. Likishapita, sauti inashuka, inakuwa nzito. Mwanga nao hufanya hivyo, lakini kwa kiasi kidogo mno kwa macho yetu. Ukiwa na chombo kinachochambua rangi kwa makini sana, unaweza kuujua mwendo wa kile kilichourudisha mwanga. May alifuatilia mstari mmoja mwembamba wa magnesiamu ndani ya mwanga huo, ili ajue mavumbi yanakwenda upande gani na kwa kasi gani. Matokeo ya mwanzo yalitoka mwaka 1972 katika jarida la sayansi la Nature, jina lake likiwa pamoja na ya wenzake wa chuo. Wakati huo huo alikuwa akifundisha hesabu katika shule moja London, na jioni anapiga gita.

Halafu bendi ikapamba moto. Bendi hiyo ni Queen. Na mwimbaji wake, msisahau, ni mtoto wa Unguja: alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Mwaka 1974 May akaiacha tasnifu ikiwa karibu kumalizika, akaenda na bendi.

Baba yake aliumia. Wazazi wangu mlioko hapa, nataka mlione hili kutoka pande zote mbili. Mzee Harold, aliyekata mbao kwa mikono yake, aliyekesha kwenye benchi na mwanawe, aliona elimu yote inatupwa. Kwa muda mrefu mambo kati yao hayakuwa mazuri. Baadaye mwana alimchukua baba mpaka New York, akamketisha ndani ya Madison Square Garden, akaona maelfu ya watu wakisimama kwa ajili ya gita walilotengeneza pamoja nyumbani. Baba akaelewa. Mimi baba yangu alifariki kabla hajaniona jukwaani hata mara moja, kwa hiyo habari hiyo siwezi kuisoma haraka haraka.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipotaka kufika.

Mwaka 2006, Brian May ana miaka 59. Ameshapiga kwenye uwanja wa Wembley mwaka 1985 mbele ya dunia nzima. Rafiki yake Freddie ameshafariki, tangu Novemba 1991. Pesa anazo. Jina analo. Hakuna mtu duniani anayemdai kitu. Naye anarudi Imperial kujiandikisha kama mwanafunzi. Mkuu wa idara ya elimu ya anga, Profesa Michael Rowan-Robinson, akakubali kumsimamia. May akasoma yote yaliyoandikwa kuhusu mavumbi hayo kwa zaidi ya miaka 30 aliyokuwa mbali, akarudi kwenye vipimo vyake vya ujana, akaandika upya. Agosti 2007, mwezi mmoja tu baada ya kutimiza miaka 60, akatetea tasnifu yake na kufaulu.

Vipimo vya Tenerife vilikuwepo! Hesabu zake za mkono zilikuwepo. Kurasa alizoziandika akiwa kijana mwenye baridi kwenye kibanda cha mlimani, zilivuka miaka 33 ya ndege na hoteli na makelele, zikamkuta mzee mwenye mvi, zikafanya kazi. Na bahati ilikuwa kwamba katika miaka hiyo watu wachache tu ndio walioyachunguza mavumbi hayo kwa njia yake, kwa hiyo swali lake lilikuwa bado liko wazi, linamngojea.

Mambo mawili yalimrudisha. Daftari lilikuwepo. Na mlangoni palikuwa na mtu aliyesema, ingia. Wanamuziki, la kwanza ni lenu. Walimu na wakuu wa vyuo, la pili ni lenu, na leo sitawaacha mtoke bila kulisikia.

Maana mimi nilikosa yote mawili.

Nikiwa na miaka 26 nilikwenda kwenye chuo kimoja, jina sitalitaja, kuomba kusomea muziki. Nilikuwa nimepiga kwa miaka minane. Nilikuwa na madaftari matano ya kurasa 96, yale yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ndani yake niliandika nyimbo zote za bendi yetu, jinsi kila gita lilivyofungwa, nani alileta wimbo gani kutoka wapi, na maneno ya Kilugbara, Kilingala na Kinubi. Nikayaweka juu ya kaunta. Mtu wa dirishani hakuyafungua. Aliangalia mkono wangu wa kulia, kucha ndefu za mpiga gita, akauliza, "Unafanya kazi wapi?" Nikamtajia mahali tunapopiga. Akasema, "Hapa hatuandikishi watu wa baa." Akayasukuma madaftari yangu kwa kidole kimoja. Kwa kidole kimoja, ndugu zangu, kama unavyosukuma sahani yenye inzi.

Nikarudi nyumbani. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua pa kuiweka. Madaftari nikayatupa kwenye kona ya jikoni, na jirani yetu akawa anachana kurasa kuwashia sigiri. Nilimwona. Asubuhi moja niliuona ukurasa wenye wimbo wa marehemu mpiga besi wetu ukijikunja, ukiwa mweusi pembeni, makaa yakashika, na chai ikachemka. Sikunyanyuka kuuokoa.

Nikiwa na miaka 38 nilifanya mtihani wa kuingilia chuo wa watu wazima, ule unaoruhusiwa kwa waliovuka miaka 25, nikafaulu. Mwalimu wangu wa kwanza aliniuliza, "Una kumbukumbu zozote za muziki wa dansi wa Arua wa miaka hiyo?" Nimesimama mbele yake, mkono mtupu. Mpiga besi amekufa. Mwimbaji amerudi Kongo, simu yake haipatikani. Nyimbo 11 nimezikumbuka, na mbili kati ya hizo sina hakika kama ni sisi tulizitunga au tulizisikia mahali. Nyimbo 11 kati ya zaidi ya 60. Zile nyingine hazipo popote duniani.

Kwa hiyo nikiwaambia tunzeni daftari, najua bei ya daftari.

Tuendelee. Kuna mwanamuziki mwingine wa roki, Mmarekani, Dexter Holland wa bendi ya The Offspring. Naye aliiacha shahada ya uzamivu bendi ilipopata umaarufu katika miaka ya 1990, naye akairudia, akaipata mwaka 2017 katika Chuo Kikuu cha Southern California. Alichunguza virusi vya Ukimwi: vipande vidogo sana vya maandishi ya kijeni ndani ya kirusi, vinavyofanana na vile vya chembe zetu wenyewe, ambavyo huenda ndivyo vinavyokisaidia kujificha mwilini. Mtu wa gita na makelele, kwenye maabara, anahesabu herufi za kirusi.

Nilipoisoma habari hiyo sikumfikiria Dexter Holland. Nilimfikiria Philly Bongoley Lutaaya, mwanamuziki wetu wa Uganda.

Vijana, mnamjua kwa nyimbo za Krismasi. Sisi tunamjua kwa mwaka 1989. Alikuwa akiishi Sweden, muziki wake umeshika Uganda nzima, akarudi nyumbani na kusema hadharani kwamba ana Ukimwi. Wakati huo watu walikuwa wakizika usiku na kutaja ugonjwa mwingine. Mtoto wa sekondari kama mimi nilijua tu kwamba neno lenyewe halitamkwi mezani. Yeye alilitamka. Akaenda mashuleni na makanisani, mwili umekwisha, akasimama mbele ya watoto, akafundisha. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na miaka 38.

Sasa niulize: Lutaaya alikuwa mwanamuziki au mwalimu? Holland alisomea kirusi mpaka akavaa joho. Lutaaya alikifundisha akiwa nacho ndani ya damu, na hakuna chuo kilichompa joho kwa darasa lile. Silinganishi ili nimshushe mmoja. Wote wawili walifanya kazi moja kubwa. Lakini nataka mwanafunzi wa Arua anayesoma habari za wasomi waliotoka jukwaani, aanzie na huyu wa kwetu.

Kuna mwanamke mmoja ambaye lazima nimtaje, kwa sababu dada zetu wengi wako hapa. Laurie Anderson, alizaliwa Illinois, Marekani, mwaka 1947. Alipiga fidla tangu utotoni, akasomea historia ya sanaa, kisha uchongaji katika Chuo Kikuu cha Columbia. Akaingia katika ile inayoitwa sanaa ya utendaji, ambapo msanii hachongi kitu wala hachori kitu. Anatenda, mwili wake na wakati wenyewe ndiyo kazi. Katika miaka ya 1970 alisimama barabarani akipiga fidla, miguuni amevaa viatu vya kuteleza kwenye barafu, na visu vya viatu hivyo vimegandishwa ndani ya matofali mawili ya barafu. Alipiga mpaka barafu ikayeyuka. Ikiyeyuka, asimame vipi? Onyesho limekwisha.

Nimelifikiria onyesho hilo mara nyingi. Hakuna kengele, hakuna mtu wa kuinua kibao cha dakika tano. Maji yanatiririka kwenye lami na kila anayetazama anajua muda uliobaki. Kwenye mafunzo yangu ya ualimu sijaona somo lililofundisha wakati namna hiyo. Kisha akatengeneza fidla ambayo upinde wake hauna nywele za farasi; una utepe wa kaseti uliorekodiwa sauti, na kichwa cha kusomea kaseti kimefungwa kwenye fidla, kwa hiyo akivuta upinde, fidla inasema maneno, na akiurudisha inayasema kinyumenyume. Mwaka 1981 wimbo wake ulifika nafasi ya pili Uingereza. NASA, shirika la anga la Marekani, wakamchukua kuwa msanii wao mkaazi wa kwanza. Na mwaka 2021 Harvard walimpa mimbari ya mihadhara sita ya heshima, ambayo kwa ajili ya Korona aliitoa kwa njia ya video.

Alipofika kwenye mimbari hiyo hakuiacha sanaa mlangoni. Alihadhiri kwa picha, kwa sauti, kwa hadithi. Nasi tumelijua hilo siku zote. Jirani yetu wa Gulu, Okot p'Bitek, alikuwa mchezaji wa mpira, mwimbaji, mtunzi. Alikwenda Uingereza mwaka 1956 na timu ya taifa, akabaki kusoma, Bristol, Aberystwyth, mpaka Oxford. Aliongoza Kituo cha Utamaduni cha Taifa pale Kampala, akafundisha Nairobi, akarudi Makerere, akafariki mwaka 1982. Usomi wake una mdundo. Usome kwa sauti, utausikia mguu wa mchezaji ngoma wa Kiacholi chini ya sentensi.

Walimu, sasa ni zamu yetu.

Pale Makumbusho ya Uganda, Kampala, alifanya kazi mzee aliyeitwa Evaristo Muyinda. Alikuwa mpigaji wa jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda. Alipiga amadinda, ala ya mbao zinazogongwa kwa vijiti. Amadinda ina mbao 12 na wapigaji watatu. Wa kwanza anapiga sauti zake, wa pili anaziweka zake katikati ya zile za wa kwanza, hakuna anayegonga pamoja na mwenzake, na wa tatu anachukua mbao mbili za mwisho tu, anaokota mlio unaojitokeza kutoka kwa wale wawili. Ukisikiliza unasikia nyimbo ambazo hakuna mtu hata mmoja anayezipiga peke yake. Klaus Wachsmann, aliyeongoza makumbusho, alimleta Muyinda pale. Mwaka 1959 alifika kijana kutoka Austria, Gerhard Kubik, akaketi chini kwa Muyinda, akajifunza, akaandika, akawa mmoja wa wasomi wakubwa wa muziki wa Afrika. Namshukuru Kubik, bila maandishi yake tungekuwa maskini zaidi, hasa kwa kuwa mwaka 1966 jumba lilishambuliwa na wapigaji wake wakatawanyika.

Lakini swali linabaki kooni mwangu. Aliyemfundisha profesa, yeye aitwe nani? Katika vitabu vingi watu kama Muyinda huandikwa "mtoa habari". Mtoa habari! Mtu aliyebeba mamia ya nyimbo mikononi, anayejua zilivyoshikana, anayeweza kumvunjia mgeni wimbo vipande vipande mpaka aelewe. Huyo kwa Kiswahili chetu anaitwa mwalimu. Hakuna neno jingine.

Kwa hiyo wakuu wa vyuo na shule mlioitikia mwaliko wetu, ombi langu liko hivi. Akija mtu dirishani na kucha ndefu, fungua daftari lake. Lifungue tu, soma ukurasa mmoja. Akija mzee wa adungu asiye na cheti, mpe darasa, mpe mshahara wa mwalimu, na jina lake liandikwe juu ya kazi, sio chini kwa herufi ndogo kwenye shukrani. Na akija aliyeondoka miaka 33 iliyopita akafuata bendi, usimuulize alikuwa wapi. Muulize amekuja na nini.

Nanyi vijana. Kwenye meza ya mlangoni kuna madaftari, yale yale ya kurasa 96. Kila mmoja achukue moja. Ukurasa wa kwanza andika nani alikufundisha wimbo wako wa kwanza, na yeye alifundishwa na nani, mpaka majina yaishe. Ukurasa wa pili andika unavyofunga nyuzi zako. Usiandike kwenye simu peke yake. Simu zinaibiwa, nami nimeshaibiwa mbili. Andika kwa kalamu, kisha piga picha kurasa zako, mpe mtu mwingine nakala. Na usiku ukiamka saa kumi na nusu, kiangazi, mwezi haupo, toka nje ya mji kidogo mbali na taa, tazama mashariki. Ukiona mwanga umesimama, liandike hilo pia.

Muda wangu umekwisha, na kuna mtu hapa anayejua zaidi yangu. Mzee wetu ametuahidi kwamba kabla hajapiga ataturuhusu tumwone anavyofunga adungu yake tangu uzi wa kwanza, uzi baada ya uzi, bila haraka. Binti, wewe wa sweta ya kijani, njoo uketi karibu naye. Una kalamu? Mpeni kalamu. Andika kila anachosema, na usipoelewa, muulize arudie.

Mzee, karibu.